Zinia za Kupamba Meza: Kuanzia Mbegu Hadi Chomboni

Ua la bustanini likinyauka siku ya pili, watu hulaumu maji ya chomboni. Mara nyingi kosa lilishafanyika mapema: lilikatwa saa saba mchana, lilikatwa likiwa bado changa, au lilitiwa kwenye ndoo yenye utelezi. Zinia ni ua zuri la kujifunzia kazi hii. Huota upesi, hustahimili joto la Tanga na Mombasa, na kadiri unavyolikata ndivyo linavyozidi kutoa.

Mbegu na tuta

Soma urefu kwenye pakiti kabla ya kununua. Zinia fupi za sentimita 20 au 30 ni za kupamba ukingo wa njia. Hazitakupa kikonyo cha kusimama chomboni. Tafuta aina inayofika sentimita 80 au zaidi, kama Benary's Giant.

Chagua mahali panapopata jua saa sita kwa siku au zaidi. Tengeneza tuta la upana wa mita 1 ili ufikie katikati bila kulikanyaga, kisha changanya samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita mraba 2. Usiongeze urea. Nitrojeni ikizidi, mmea hujaa majani na vikonyo huwa laini, vikalala kwa mvua ya kwanza.

Panda mbegu moja kwa moja tutani, kina cha sentimita 1, mbilimbili kila shimo, sentimita 25 kutoka shimo hadi shimo. Penye joto huota ndani ya siku 4 hadi 7. Miche ikiwa na majani manne, acha mmoja kila shimo. Ukikuta asubuhi mche umekatwa usawa wa udongo, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche: fukua pembeni ya shina utamkuta amejikunja.

Mwagilia shinani, kamwe usimwagilie juu ya majani. Majani yanayolala na unyevu hupata magonjwa ya madoa kwa urahisi, na mimea iliyobanana huambukizana haraka ubwiri unga, ule weupe kama unga wa ngano. Ndiyo maana pwani ni afadhali kupanda masika yakishapungua, kuanzia Juni, kuliko kuhangaika na madawa Aprili.

Kukata ncha

Hatua hii wengi huikwepa kwa kuuonea mmea huruma. Mmea ukifika sentimita 25 hadi 30, kata ncha juu kidogo ya jozi ya tatu ya majani. Usipokata, utapata ua moja kubwa katikati na matawi mafupi ya pembeni. Ukikata, matawi manne hadi sita yatachipuka chini kabisa, na kila moja litakuwa refu.

Kukata ncha huchelewesha maua kwa takriban wiki moja, kwa hiyo hesabu siku 70 hadi 75 tangu kupanda, badala ya 60 hadi 70. Kwa harusi ya Desemba 20, panda nusu ya tuta mwisho wa Septemba na nusu nyingine siku kumi baadaye. Kundi moja likiwahi au likichelewa, jingine litakuokoa. Sehemu za baridi kama Lushoto au Limuru, ongeza wiki mbili.

Kuvuna

Zinia likishakatwa halifunguki zaidi, na likikatwa changa shingo yake hupinda ndani ya saa chache. Rangi haitakuambia kama limekomaa. Shika kikonyo sentimita 20 chini ya ua, ukitikise taratibu. Ua likiyumba kama kichwa cha mtu anayesinzia, liache siku mbili tatu. Kikonyo kikisimama imara, kata.

Vuna asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali, au jioni. Mchana mmea umeshapoteza maji mengi, na ua lililokatwa likiwa na kiu ni vigumu kulirudisha. Kata kwa mkasi mkali, chini kabisa, juu tu ya jozi ya majani, hata kama unaondoa na vitumba viwili vya pembeni. Ukiogopa na kukata kifupi, matawi yajayo yatakuwa mafupi pia.

Nenda bustanini na ndoo ya maji. Ndoo iwe safi kiasi cha kunywewa maji: isugue kwa sabuni, isuuze kwa maji yenye jiki kidogo. Bakteria ndio wanaoziba mishipa ya kikonyo, na zinia huchafua maji haraka kuliko maua mengi. Ng'oa majani yote yatakayozama. Kisima chako kikiwa na maji ya chumvi, kama vilivyo vingi vya pwani, tumia maji ya mvua au ya bomba.

Kuyapumzisha

Maua hayaendi chomboni moja kwa moja. Kata tena ncha ya kila kikonyo sentimita 2, kwa mshazari, yatumbukize hadi nusu ya urefu wake, na uyaweke chumba chenye giza na ubaridi kwa saa 4 hadi 8, au usiku kucha. Usiyatie kwenye friji: zinia huumizwa na baridi kali.

Maji ya chomboni unaweza kuyatengeneza hivi: kwa lita 1, sukari kijiko kikubwa 1, maji ya ndimu vijiko vikubwa 2, na jiki robo ya kijiko cha chai. Koroga kwanza sukari na ndimu kwenye maji yote, jiki iwe ya mwisho. Usichanganye kamwe jiki na ndimu tupu, kwani hutoa hewa ya sumu. Sukari hulisha ua, ndimu husaidia maji kupanda, jiki huzuia bakteria. Ukitia sukari bila jiki umewaandalia bakteria karamu.

Wenzake wa chomboni

Mrehani ni majani mazuri ya kujazia, na harufu yake haina mfano, lakini kata matawi ambayo shina limekuwa gumu. Ncha laini hulegea palepale. Mrehani nao usiuweke kwenye friji, huwa mweusi.

Alizeti kata petali za kwanza zinapoanza kuinuka kutoka usoni, kabla nyuki hawajafika. Likishachavushwa petali huanguka mapema. Hata mbegu ya alizeti ya shambani hutoa vichwa vidogo ukiibananisha kwa sentimita 15, ila itamwaga chavua ya njano kwenye kitambaa cha meza. Dalia kata likiwa limekaribia kufunguka lote. Waridi ni kinyume: petali moja au mbili za nje zikianza kulegea, basi.

Waridi likiinamisha shingo, hewa au uchafu umeziba kikonyo. Kikate tena, lizungushie gazeti lisimame wima, na litie kwenye maji ya vuguvugu yenye kina kwa saa moja au mbili. Mara nyingi huinuka.

Unapopanga, anza na mrehani, matawi 5 au 6, uwe kama wavu wa kushikilia vikonyo, kisha zinia 12 hadi 15 kwa chombo chenye mdomo wa sentimita 10. Urefu wa maua usizidi sana mara moja na nusu ya chombo. Badilisha maji kila siku mbili na ukate ncha kila unapobadilisha. Usiweke chombo karibu na sahani ya ndizi mbivu au maembe: gesi inayotoka kwenye matunda hayo huzeesha maua.