Kabla Hujaanza Kusoma Sayansi ya Jamii: Mambo ya Kuweka Sawa

Insha yangu ya kwanza ya sosholojia ilirudi ikiwa na maandishi mafupi ya wino mwekundu pembeni. Nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba "jamii inataka vijana wawajibike". Mwalimu alizungushia duara neno "jamii" akauliza: "Huyu ni nani? Ulimkuta wapi?" Nilinuna siku nzima. Baadaye ndipo nikaelewa kuwa alikuwa amenipa somo ambalo ningepaswa kuwa nalo kabla sijaingia darasani, na haya ninayoyaandika ni kwa anayejiandaa kuingia.

Ugumu wa sayansi ya jamii haufanani na wa fizikia. Anayeanza fizikia hukutana na maneno ambayo hajapata kuyasikia, kwa hiyo anajua fika kwamba hajui. Anayeanza sosholojia, anthropolojia au sayansi ya siasa hukutana na jamii, familia, utamaduni, tabaka, madaraka: maneno aliyoyatumia tangu utotoni. Anadhani kazi imeshapungua nusu. Kabla ya kutafuta kitabu chochote, basi, kaa na maneno hayo machache uone yamebadilishiwa kazi namna gani.

Chukua "taasisi". Mtaani taasisi ni ofisi yenye mhuri, kibao na mlinzi mlangoni. Darasani utaambiwa ndoa ni taasisi, na dini, na soko, na familia. Wengi hucheka wakisikia hivyo mara ya kwanza. Kinachozungumzwa ni utaratibu uliozoeleka na kukubalika wa kutimiza haja fulani za watu, kama kulea, kubadilishana mali, kuabudu au kutawala. Uliukuta, na utauacha. "Utamaduni" nao kwa kawaida hutukumbusha ngoma na mavazi ya sherehe. Hapa unaingiza hata nani aanze kusalimia, umsogelee mtu kwa umbali gani unapoongea naye, na kimya cha muda gani kinaanza kuwa matusi. "Hadhi" tumezoea kuwapa wakubwa, lakini katika somo hili kila mtu anayo: mama, mwanafunzi, mgonjwa, mfungwa. Ni nafasi tu. Yale yanayotarajiwa kwa aliye katika nafasi hiyo huitwa dhima, na mgonjwa anayekataa kulala kitandani anagundua haraka kwamba hata ugonjwa una dhima yake.

Halafu kuna nguvu, madaraka na mamlaka, ambayo tunayachanganya kila siku bila hasara. Max Weber, msomi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1920, alitenganisha mambo mawili: uwezo wa kumfanya mtu atende utakalo hata akikataa, na utawala ambao wanaotawaliwa wenyewe wanauona ni halali. Jambazi mwenye silaha ana lile la kwanza, hakimu ana la pili. Uhalali huo, kwa maelezo yake, husimama juu ya mila, au haiba ya kiongozi, au sheria na kanuni zilizoandikwa. Lile la jambazi mara nyingi huitwa nguvu na lile la hakimu mamlaka, huku "madaraka" likirukaruka kutoka kitabu hiki hadi kile. Ushauri wangu: angalia mwalimu wako analitumia vipi, umfuate, na ugomvi wa istilahi uwaachie wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni kujizoeza kuona kaida, yaani zile kanuni ambazo hakuna aliyezitia saini. Huhitaji maktaba. Tafuta foleni yoyote ukae nayo dakika 10. Anaingia mtu, anapita pembeni, anasimama mbele. Mwanzoni hakuna anayesema kitu. Wa nyuma kabisa anaguna. Mmoja wa katikati anawatazama wenzake kabla hajamtazama mkosaji, kama anayeuliza: na nyinyi mmeona? Kisha sauti inatoka, haimlengi mtu yeyote: "Wengine tuko hapa tangu asubuhi." Mkosaji anatoa simu, anaisoma kwa makini ya ghafla. Hapo umeshaona kaida, umeona ilivyovunjwa, na umeona adhabu zake, kuanzia mguno hadi maneno ya kurushwa hewani. Angalia pia kwamba aliyetazama wenzake alikuwa anatafuta ithibati kwamba kanuni hiyo ni ya wote. Vitabu vinatumia kurasa nyingi kueleza kitu hicho hicho, na ukishakiona kwa macho yako vitasomeka.

La tatu ndilo linalowaangusha wengi, na ni kutofautisha mtu na kundi. Mmarekani C. Wright Mills aliliweka vizuri mwaka 1959: katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, hilo ni tatizo lake, tutaangalia tabia yake na ujuzi wake. Katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, ukiendelea kuangalia tabia ya mmoja mmoja utakuwa unakwepa swali. Maelezo ya mmoja na maelezo ya wengi yanakaa sehemu tofauti.

Émile Durkheim, Mfaransa, alilijaribu hilo mahali pagumu kuliko pote. Mwaka 1897 alichapisha uchunguzi wake kuhusu kujiua, jambo ambalo huonekana kuwa la mtu na nafsi yake tu. Yeye hakuuliza kwa nini fulani alifikia hapo. Aliangalia viwango, akakuta kwamba waliokufa walikuwa watu tofauti kila mwaka ilhali kiwango cha kila nchi hakikuyumba sana. Akakuta vilevile kwamba viwango vilikuwa juu zaidi kwa Waprotestanti kuliko kwa Wakatoliki, na kwa wasio na ndoa kuliko kwa walio nayo. Kwa maoni yake kiwango kilikuwa kinasema kitu kuhusu jinsi watu walivyofungamana, kitu ambacho huwezi kukipata kwa kumchunguza mmoja wao.

Usiishie hapo ukashangilia. Takwimu za kundi hazikupi ruhusa ya kumtabiria mtu: huwezi kukutana na Mprotestanti mmoja ukadhani umemjua kwa sababu ya kiwango. Tena, waliokuja baadaye waliuliza swali ambalo ningependa ulibebe kila uonapo namba: nani aliiandika? Vifo vile viliandikwa na maofisa, na pale ambapo kujiua kulikuwa aibu kubwa kwa familia au dhambi kubwa kwa dini, ofisa angeweza kuandika "ajali". Tofauti nyingine inaweza kuwa ya kalamu kabla haijawa ya maisha.

Kuhusu hesabu kwa ujumla, usiogope, lakini pia usidanganyike kwamba utaikwepa. Mwanzoni wastani na asilimia vinatosha, mradi uvijue kwa ndani. Tuseme kuna watu 10 chumbani. 9 wanapata 10 kila mmoja, wa mwisho anapata 910. Wastani ni 100, na hakuna hata mmoja mle chumbani anayepata 100. Wapange kuanzia wa chini hadi wa juu, utazame wa katikati: anapata 10. Ukiambiwa "kipato cha wastani kimepanda", uliza ni wastani upi.

Sampuli, yaani watu wachache wanaoulizwa kwa niaba ya wote, nayo ina hadithi ambayo hutaikosa darasani. Mwaka 1936 jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilikuwa zimetoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na walioziacha mezani. George Gallup, mtafiti wa maoni ya watu, kwa sampuli ndogo sana ukilinganisha na ile, alimtaja mshindi sahihi. Wingi haukusaidia kitu.

Kama utatakiwa kuandika hojaji, yaani orodha ya maswali ya kuwauliza watu, na mapema tu utatakiwa, soma kila swali kwa sauti. "Je, walimu wako wanafika kwa wakati na wanafundisha vizuri?" Mwenye mwalimu anayewahi kila siku lakini haeleweki ajibu nini? Atajibu chochote, nawe utakihesabu kama ukweli.

Majina ya waasisi yasikupe homa. Karl Marx, Durkheim na Weber watatajwa kila wiki. Kwa sasa jua kila mmoja alikuwa anasumbuliwa na swali gani. Marx aliuliza nani anamiliki nyenzo za uzalishaji na nani anauza nguvu zake. Durkheim aliuliza kinachowashikamanisha watu. Weber aliuliza watendaji wenyewe wanayapa matendo yao maana gani. Auguste Comte, Mfaransa mwingine, ndiye aliyelieneza jina "sosholojia" katika miaka ya 1830, lakini ukiambiwa fikra zenyewe zilianza naye, kumbuka kwamba Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, mwaka 1377 alikwisha kuandika jinsi mshikamano wa kundi, alioita asabiya, unavyoziinua dola na jinsi unavyolegea zikishanenepa. Naona ni aibu kozi nyingi kumpa nusu ukurasa.

Ridhaa ya watu unaowachunguza iwe tayari kabla ya swali la kwanza, hata kama ni marafiki zako wa bwenini. Sheria za maadili ya utafiti hazikutungwa kwa kupenda makaratasi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani ilifuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ugonjwa wao, na bila kuwapa penisilini hata ilipojulikana kuwa inatibu. Mwambie mtu unachotafuta, mwambie anaweza kukataa au kuacha katikati, na jina lake usiliandike mahali litakapookotwa.

Na wewe mwenyewe jiweke kwenye mizani. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi visiwa vya Trobriand, katika bahari ya Pasifiki, kwa vipindi kati ya mwaka 1915 na 1918, akajifunza lugha, akawa mfano wa utafiti wa kuishi na watu. Shajara yake ya faragha ilipochapishwa mwaka 1967, wasomaji walikuta chuki na uchovu dhidi ya watu wale wale. Kazi yake haikufutika kwa hilo, ila tulijifunza kwamba mtafiti haachi hasira zake bandarini. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili: kushoto ulichokiona na kukisikia, kulia ulichokifikiria. Mtu "alitoa simu akaisoma" ni kushoto. "Aliona aibu" ni kulia, hata kama una hakika.

Mwisho, kabla hujakabidhi kazi yoyote, tafuta kila palipo na "jamii" ukajaribu kuweka watu wenyewe: wazazi, wenye nyumba, wapiga kura, wanaume wa rika fulani. Pakikataa, labda hukuwa na hoja. Mimi niliyahesabu katika ile insha yenye wino mwekundu. Yalikuwa 19 katika kurasa 3. Nilipoiandika upya yalibaki mawili, na moja nina mashaka nalo hadi leo.