Jinsi ya kutengeneza komiki ya mashujaa wengi ndani ya kitabu kimoja, kwa karatasi za A4 na mashine ya kopi

Wadau wa katuni, hasa nyie wa Dodoma, Kondoa, Kongwa, Singida na huku kote katikati, hii ni kwa ajili ya yule mwenye daftari limejaa michoro ya mashujaa wa barakoa na hajui aifanyie nini. Naelezea tunavyofanya sisi huku, tumejifunza kutoka komiki za Marekani na Canada za wakati wa Vita Kuu ya Pili, zile ambazo kitabu kimoja kilibeba mashujaa watano, sita, kila mmoja na vazi lake na wahalifu wake, sio mtu mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza elewa kwa nini walichanganya, maana ndio siri yenyewe. Kitabu kilikuwa senti 10, kurasa 64 bila kuhesabu jalada, na mchapishaji hajui msomaji atampenda nani, so anaweka wengi halafu anasubiri. Angalia Police Comics, toleo la kwanza la Agosti 1941: kwenye jalada walimweka Firebrand wakiamini ndiye staa, huko ndani kakaa Plastic Man, jamaa aliyekuwa mhalifu akamwagikiwa na asidi mwili ukawa unavutika kama mpira. Toleo la tano jalada limeshakuwa la Plastic Man, na leo Firebrand wanamkumbuka wachache sana. Kwa hiyo usigombane na wenzako eti shujaa wa nani ni mkali zaidi, wote ingieni, msomaji ataamua.

Wa Canada ndio wametusaidia zaidi. Desemba 1940 serikali yao ilizuia komiki kuingizwa kutoka Marekani ili kuokoa dola za vita, watoto wakabaki bila kitu, basi wachoraji wa kule wakaanza kutoa za kwao, jalada la rangi ila ndani nyeusi na nyeupe tupu. Nelvana, mwanamke shujaa wa kaskazini kwenye barafu, alitoka hivyo Agosti 1941, kachorwa na Adrian Dingle, miezi kadhaa kabla ya Wonder Woman. Sasa fikiria, kitabu cha nyeusi na nyeupe ndicho mashine ya kopi inachoweza kufanya. Usisubiri hela ya rangi.

Kabla hujashika penseli soma kwanza. Nyingi za zile komiki haki miliki zake zimeshaisha, kwenye tovuti ya Digital Comic Museum unapakua bure, faili likija la aina ya CBZ usihangaike, badilisha mwisho wake uwe zip utakuta picha ndani. Soma kama tano hivi, ila usiangalie ngumi tu, hesabu kila hadithi ina kurasa ngapi na ukurasa wa kwanza umekuambia nini.

Sasa mashujaa. Watatu wanatosha. Kosa nililoliona mara nyingi ni kuanza na nguvu, anaruka, anatoa moto, wakati wale wa zamani walianza na kazi ya mchana. Black Terror, alitoka Mei 1941, mchana ni mfamasia mpole tu wa dukani, usiku ana vazi jeusi na fuvu kifuani. Miss Victory wa mwaka huohuo mchana anapiga chapa ofisi za serikali Washington, na hapo Dodoma mbona tumependelewa, sisi ndio makao makuu! Katibu muhtasi pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, anapokea mafaili siku nzima, hakuna anayemwangalia mara mbili, yeye anajua faili gani limetoka masijala na halijarudi. Huyo tayari ni shujaa hata barakoa hajavaa. Wa pili anaweza kuwa kuli wa stesheni ya reli, au fundi baiskeli wa Majengo, au muuza zabibu anayepanda na kushuka mabasi. Wa tatu mpe asili ya zamani, kama Fighting Yank ambaye mzimu wa babu yake ulimwonyesha joho la kumpa nguvu, kwetu hilo halihitaji maelezo marefu, shuka la babu limekaa kwenye tembe miaka mingi, mjukuu kalifunua.

Vazi lichore ukifikiria mashine. Wao walipenda nyekundu, bluu na njano kwa sababu uchapaji wao wa bei rahisi ulizitoa vizuri, wewe una nyeusi, nyeupe na mistari basi. Mmoja awe mweusi mwili mzima, mwingine mweupe na alama moja kubwa kifuani, wa tatu mistari au madoa. Jaribu hivi: mchore kwa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kama bado unamtambua, vazi limepita. Na usinakili ya mtu. Captain America toleo la kwanza, lile la Machi 1941 anampiga ngumi Hitler, ngao yake ilikuwa na pembe, ikafanana mno na vazi la The Shield aliyemtangulia mwaka mzima, wachapishaji wa The Shield wakalalamika, toleo la pili ngao ikawa duara. Ile duara inayojulikana dunia nzima imetokana na hapo.

Wahalifu nitawasema kwa uchungu kidogo. Zile komiki zina majasusi, wahujumu viwanda, walanguzi wanaoficha chakula, na hao wote chukua, mlanguzi kila mtu huku anamjua. Lakini zina pia Wajapani waliochorwa kama wanyama na watu weusi waliochorwa midomo mikubwa wakiongea upuuzi, na mtoto wa Kiafrika akikutana na hizo kurasa zinamuuma, zilimuuma hata wakati ule. Kwenye hadithi za Captain Marvel kulikuwa na mtumishi mweusi anaitwa Steamboat, wanafunzi wa New York wakaenda kulalamika kwa wachapishaji, 1945 akaondolewa. Kwa hiyo jambazi wako asijulikane kwa kabila, kwa lafudhi wala kwa kilema. Ajulikane kwa alichofanya. Kapunguza mizani ya karanga, kauza dawa za zahanati, hicho ndicho unachochora.

Ukitaka hadithi iwe wakati wa vita vyenyewe usikimbilie Ulaya, huku mambo yalikuwepo. Wazee wetu walichukuliwa Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) wakafika mpaka Burma, na Kondoa kulikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, wametembezwa na vita nusu ya dunia mpaka wakaja kuota jua la Irangi. Treni ya usiku, barua ya askari, mama mgeni asiyejua Kiswahili kashuka stesheni ya Dodoma na sanduku moja, hapo shujaa wa kuli anaanza kazi.

Mpangilio. Kitabu cha A5 kinatoka kwa kukunja A4, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa nne, na sisi tunatumia 16, yaani karatasi nne, jalada la manila pembeni. Shujaa wa kwanza kurasa 6, wa pili 4, halafu ukurasa mmoja wa hadithi ya maneno matupu (wao walikuwa nazo za kurasa mbili ili posta iwakubalie bei nafuu ya magazeti, sisi tumezibakiza kwa sababu yule mwenzetu asiyejua kuchora naye apate nafasi), wa tatu 4, na ukurasa wa mwisho uwe wa wasomaji kuandika nani wamempenda. Kabla ya yote kunja karatasi nne tupu, andika namba za kurasa kwa penseli, kisha zifungue. Utaona 1 imekaa na 16, 2 na 15, kila jozi jumla yake 17. Hicho kikaratasi nenda nacho steshenari. Toleo letu la kwanza tulienda bila hicho, tukarudi na nakala arobaini ambazo jambazi anakamatwa kabla hajaiba, na hela ilikuwa ya kuchangishana.

Kuchora: kila ukurasa chora kwenye A4 nzima, mashine itapunguza hadi asilimia 71 iwe A5. Herufi zisipungue milimita 4 maana zitasinyaa, na acha sentimita moja pembeni, mashine haichapi mpaka ukingoni. Penseli, wino juu yake, ufutio. Kivuli cha penseli usiache hata kidogo, kwenye kopi kinatoka kama uchafu, weka mistari ya rula au nukta. Eneo kubwa jeusi linaweza kutoka na michirizi kama wino wa mashine unaelekea kuisha, toa nakala moja ya kujaribu kwanza na mwombe yule dada wa mashine aongeze weusi. Na kama unatumia wino wa brashi funga madirisha, mwezi wa saba, wa nane upepo wa Dodoma unakuletea vumbi juu ya wino mbichi na ukurasa umekwenda.

Kupiga pini ndipo wengi wanakwama, stepla ya kawaida haifiki katikati. Chukua ndala ya zamani, laza kitabu kikiwa kimefunguliwa juu yake jalada likiangalia juu, fungua stepla mpaka inyooke kabisa, ibonyeze kwenye mstari wa mkunjo, pini itazama kwenye mpira wa ndala. Vua kitabu taratibu, geuza, kunja miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Pini mbili tu. Halafu weka vitabu chini ya gunia la mahindi usiku mmoja, asubuhi vimelala bapa.

Kurasa za asili usizitupe. Komiki nyingi za miaka ile zilipotea kwa sababu watoto wenyewe walizikusanya na kuzitoa karatasi ikatumike vitani, ndio maana baadhi ya zilizobaki zinauzwa bei ya nyumba. Zako zitie kwenye faili la plastiki, liweke juu kabisa ya kabati mbali na mchwa, na nakala mbili mpe mtu anayeishi nyumba nyingine.