Kabla Hujamrudisha Nyumbani Mgonjwa wa Kiharusi

Daktari akishasema "kesho mnaweza kwenda naye nyumbani", familia nyingi hushika swali moja tu: nani atakaa na mama? Simu zinapigwa, shangazi wa Korogwe anaombwa atafute binti, na ikifika jioni jambo linaonekana limekwisha. Sisi tulifanya hivyo hivyo. Binti alikuja, ana moyo na ana nguvu, lakini siku ya tatu mama akaanguka mlangoni mwa choo. Hakuna aliyekuwa amejiuliza mama anaweza nini, hawezi nini, na nyumba yetu ikoje kwa mtu aliyepooza upande mmoja. Baada ya pale nimeuguza wengine wawili, na sitafuti msaidizi kabla ya kupata majibu ya maswali hayo.

Anzia wodini. Siku moja kabla hajaruhusiwa, omba ukae naye, uchukue na daftari. Anajigeuza mwenyewe kitandani? Akikalishwa, anajishikilia au analalia upande? Kijiko anakishika kwa mkono upi? Mkojo anausikia kabla haujatoka? Kila jambo liandikie moja kati ya matatu: anaweza peke yake, anaweza akishikwa, hawezi kabisa. Hospitali zina kipimo cha namna hiyo, Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, na kinauliza mambo haya haya ya kila siku: kula, kuoga, kuvaa, kujisaidia, kuhama kitandani kwenda kitini, kutembea, kupanda ngazi. Waulize wauguzi usiku anakuwaje, maana anayetembea vizuri saa nne asubuhi anaweza kuamka saa nane za usiku hajui yuko wapi.

Usiondoke bila kuelewa habari ya kumeza. Kiharusi hulegeza koo, chakula au maji yakapita njia ya hewa, na nimonia ikaanzia hapo. Muulize daktari au muuguzi kama wamempima kumeza, na chakula chake kiwe laini kiasi gani. Kisha mlishe mbele yao. Mwache akae wima, mpe kijiko kidogo, subiri ameze ndipo uongeze. Akikohoa, akitokwa machozi, au sauti ikawa na majimaji kama mtu anayesukutua, simama papo hapo uwaambie. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo, kwa hiyo ukimya wake usikutulize. Na ndugu waambiwe mapema, kwa upole lakini kwa uwazi: asitokee mtu na uji wa ulezi akamnywesha mgonjwa amelala chali, hata kama anafanya kwa mapenzi.

Sasa nyumba. Pita njia atakayopita yeye, toka kitandani mpaka chooni, mguu mmoja ukiuburuza. Utaona vitu ambavyo hujawahi kuviona: kizingiti, ncha ya mkeka iliyojikunja, ndoo ya maji njiani, sakafu ya bafuni inayoteleza kwa sabuni. Kwetu choo ni cha kuchuchumaa na kiko uani, na mtu wa kiharusi hachuchumai. Fundi seremala alitutengenezea kiti kizito cha mbao chenye tundu na mikono pembeni, ndoo inakaa chini yake, kikawekwa chumbani nyuma ya pazia. Mama alilia mara ya kwanza kukikalia. Ningemwonyesha kwanza, nikamuuliza kikae wapi, labda asingelia.

Kitanda kiwe cha kimo ambacho akikaa ukingoni nyayo zote mbili zinagusa sakafu, na kikae namna atakayoshukia upande wenye nguvu. Yeyote atakayemnyanyua afundishwe na mtu wa mazoezi ya viungo, na aambiwe wazi kwamba mkono uliopooza hauvutwi. Bega lake limelegea, linaweza kuchomoka.

Kabla hajatoka hospitali, mvue nguo umkague ngozi: makalio, mfupa wa kiuno, nyonga, visigino. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kirahisi, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja. Sehemu yenye joto kuliko jirani yake, iliyokuwa ngumu au inayouma, ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia. Hesabu hapo: mtu mmoja hawezi. Binti anayepika, anayefua na anayeamka mara nne usiku atachoka ndani ya wiki mbili, na uchovu wake utamwangukia mgonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Basi panga tangu sasa siku hiyo nani atashika zamu.

Dawa zote ziandikwe: jina, saa, na ya nini. Presha ikishuka watu huacha vidonge, na kiharusi cha pili huja kwa njia hiyo. Dawa za miti shamba nazo mwambie daktari, usifiche.

Lipo pia la heshima, ambalo familia huona haya kulitaja. Nani atamwogesha? Mama wengine hawawezi kuvuliwa na mtoto wa kiume, na mkwe ndiyo kabisa. Usiamue kwa niaba yake. Hata aliyepoteza usemi hujibu kwa macho au kwa kubana mkono, mradi umuulize swali la ndiyo au hapana, kisha umsubiri.

Mwisho ni usiku wa hatari. Uso ukipinda upya, usemi ukikatika, akiwa na homa huku anahema kwa shida, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, ni hospitali bila kungoja kuche. Sisi tuna namba za madereva bajaji wawili zimebandikwa ukutani juu ya kitanda, nauli iko kwenye kopo juu ya kabati, na vyeti vyake viko ndani ya mfuko mmoja nyuma ya mlango.