Kabla Hujapanda Matatu Kwenda Kongamano la Mizigo Kisumu

Mara ya kwanza nilipohudhuria kongamano la usafirishaji wa mizigo na biashara ya mtandaoni, nilirudi Kakamega na mifuko mitatu ya nguo yenye majina ya kampuni, kalamu kumi na moja, na rundo la kadi za watu ambao sura zao sikuzikumbuka. Ada nilikuwa nimelipa, duka nimelifunga siku mbili, na swali lililonipeleka nilirudi nalo vilevile: mbona nauza vitenge vingi kuliko mwaka uliopita na bado mfuko ni mtupu? Jibu lilikuwa kwenye daftari langu. Daftari nililiacha nyumbani.

Basi anza na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, tumeusikia msemo huo tangu utotoni, lakini wengi wetu tunaandika mauzo tu. Andika gharama ya kila kifurushi kilichomfikia mteja, si kila kilichotoka dukani. Tuseme mwezi uliopita ulituma vifurushi 100, na kila kimoja kilikula shilingi 250: boda ya kukipeleka stegi pamoja na nauli ya mzigo kwenye matatu. Hizo ni 25,000. Kumi na viwili vikarudi, kwa sababu mteja hashiki simu, au "amesafiri", au rangi aliyoiona kwenye skrini siyo aliyoishika mkononi. Kuvirudisha ulilipa 200 kila kimoja, yaani 2,400. Jumla ni 27,400, na waliopokea ni 88 peke yao. Ukigawanya, kila mzigo uliofika umekugharimu karibu 311. Kama mteja unamtoza 250, shilingi 61 zinatoka kwenye faida yako bila kuaga.

Ukiwa na hesabu hiyo, mazungumzo na kampuni za mizigo kwenye vibanda vyao vya kongamano hubadilika. Badala ya kuuliza "mnatoza ngapi?", utauliza: nikiwapa vifurushi 100 na 12 vikarudi, hivyo 12 mtanitoza nini, na vitakaa kwenu siku ngapi kabla sijavipata? Bei ya kwenda wamefunzwa kuitaja kwa tabasamu. Ya kurudi, mpaka uivute. Igawe hesabu pia kwa njia, Kisumu peke yake, Nakuru peke yake, Nairobi peke yake. Mimi nilikuwa nikiilaumu Nairobi kwa hasara yote, kumbe vifurushi vyangu vilikuwa vikirudi zaidi kutoka miji ya karibu, ambako mteja anaona anaweza kubadilisha nia bila aibu.

Jambo la pili ni kanda ya kupimia na mizani. Pima katoni zako za kawaida, urefu, upana na kimo, uandike. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha pande tatu kwa sentimita na kugawanya kwa 5,000. Kwa mizigo ya kawaida ya ndege, kigawanyo huwa 6,000. Katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 25 ina ujazo wa 30,000, hivyo kwa kigawanyo cha 5,000 inahesabiwa kilo 6 hata kama ndani mna vikapu vya kilo 2. Vitenge havinisumbui sana hapo, maana ni vizito na vinakunjika. Jirani yangu anayeuza vikapu ndiye aliyeshtuka. Aliporudi alianza kuvipachika kimoja ndani ya kingine.

Kisha fikiria pesa za malipo ya mlangoni. Mteja akimlipa mpelekaji, pesa zinaingia akaunti ya nani, na zinakufikia baada ya siku ngapi? Kama ni siku saba na unatuma kila siku, basi muda wote mauzo yako ya wiki nzima yako mikononi mwa mtu mwingine. Hapo ndipo ninapokuwa mkali kidogo, kwa sababu tumeona. Sendy, kampuni ya kusafirisha mizigo, ilisifiwa kwenye majukwaa mengi, nayo ikafunga shughuli zake mwaka 2023. Copia, iliyokuwa ikiwafikishia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi mwaka 2024. Hazikuwa kampuni za vichochoroni. Kwa hiyo andika kabisa, kabla hujalewa chai na sambusa za bure: mkifunga kesho, mzigo wangu ulio stoo yenu na pesa zangu mlizokusanya zinakuwa za nani kwenye karatasi? Anayekuonyesha kifungu cha mkataba, kaa naye. Anayecheka, chukua kalamu yake uendelee na safari.

Karatasi zako nazo ziwe sawa. Beba namba ya PIN ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato Kenya, na uhakikishe unaweza kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, kwa kuwa tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi. Mnunuzi mkubwa hatanunua kwako ili akalipe kodi ya ziada. Kwa sababu hiyohiyo, dai ankara ya ada ya kongamano ikiwa na PIN yako.

Orodha ya wateja wako, majina na namba za simu, usiende nayo kuimwaga kwenye kompyuta ya mtu eti akufanyie majaribio ya mfumo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama duka lako ni la mlango mmoja. Tengeneza orodha ya kubuni yenye mistari ishirini. Inatosha kwa majaribio.

Sisi tunaonunua Busia, mpakani na Uganda, tuna swali letu la pekee. Wengi husikia kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unavuka kwa cheti rahisi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha, wakadhani kila kitu kimo. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya. Kitenge kilichotengenezwa China hakigeuki kuwa cha Uganda kwa kununuliwa Kampala. Wakiwapo maofisa wa forodha kwenye kongamano, nenda na orodha ya bidhaa zako na mahali kila moja ilikotengenezwa, uulize moja moja. Ni ushauri wa bure ambao mpakani ungeulizia huku lori likipiga honi nyuma yako.

Ratiba isome siku mbili kabla na uchague vikao vitatu. Kisumu hapakosi kikao cha bandari, reli na meli, na ni historia tamu, maana reli ilifika hapo mwaka 1901, na meli ya MV Uhuru bado inahusishwa na kuvusha mabehewa ya reli kwenda Port Bell, Uganda. Lakini kama mzigo wako ni vifurushi kumi kwa siku, saa hiyo ya bandari itumie kwenye vibanda, wakati wakubwa wa kampuni wapo ukumbini na watu wa bei wana nafasi ya kuongea.

Ya safari hayahitaji maneno mengi. Lala Kisumu usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Kutoka Kakamega ni kilomita 50 hivi, lakini matatu hungoja kujaa, na Kondele, pale unapoingia Kisumu, asubuhi ina mambo yake. Anayetoka Nakuru ndiyo kabisa, asijaribu kuja siku hiyohiyo. Viatu viwe vya kusimama, nguo nyepesi, na mwavuli wa mvua ya jioni. Dukani acha mtu anayejua kukataa oda asizoweza kutuma.

La mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, na huanza wiki mbili kabla. Tazama kampuni zitakazokuwa na vibanda, kisha tuma kifurushi kimoja kwa kila kampuni kwenda kwa ndugu yako. Andika saa ulipokitoa na saa kilipofika, na umwombe akipige picha kabla hajakifungua. Mimi nilituma vitatu kwa dada yangu Nakuru. Viwili vilifika kesho yake. Cha tatu kilifika siku ya nne, kona moja imelowa na utepe umebandikwa upya kwa utepe usio wangu. Nikaenda na picha hiyo mpaka kibandani kwao.

"Mama, hii si kawaida yetu," kijana wa pale aliniambia.

Nikamwonyesha tarehe. Akaitazama tena, akaweka vipeperushi vyake chini, akaenda kumwita mkubwa wake.