Namna ya Kuingiza Mazingira katika Mkataba wa Hali Bora: Mwongozo kwa Viongozi wa Matawi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi katika viwanda vya binafsi vya Tanzania Bara. Nimeuandika kutokana na miaka niliyokuwa katibu wa tawi katika kiwanda cha nguo jijini Dar es Salaam, ambako suala la mazingira lilianza kama jambo la meneja na si la wafanyakazi. Meneja mmoja mwenye nia njema alituongoza kupanda miti tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, akabandika na mabango kila idara. Alipohamishwa, hakuna aliyepangiwa kumwagilia, miche ikakauka kando ya uzio kabla mwaka haujaisha, na mabango yakabanduliwa mafundi walipokuja kupaka rangi kuta. Tangu hapo nimeshikilia jambo moja: lisiloandikwa katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, huondoka na mtu aliyelileta.

Hatua ya 1: Anzeni na kinachomgusa mfanyakazi mwilini

Msianze na barafu inayoyeyuka mbali. Mwulizeni mfanyakazi wa idara ya rangi anachohisi kooni zamu inapokwisha, maji ya rangi yanaelekea wapi yakitoka kwenye mashine, na madumu matupu ya kemikali huishia wapi. Kwetu swali hili la mwisho ndilo lililofungua mlango. Tuligundua kwamba madumu ya bluu yaliyokuwa na kostiki soda na haidrojeni peroksaidi yaliuzwa kwa bei ndogo getini, na wafanyakazi wenzetu waliyanunua kwa furaha ili kuhifadhi maji ya kunywa nyumbani wakati wa mgao. Mama mmoja wa idara ya kufungasha alituletea dumu lake, likiwa limekwanguliwa lebo lakini alama ya hatari bado inasomeka kwa pembeni, akauliza kama ndilo linalofanya maji yake yawe na utelezi. Baada ya swali hilo hakuna mwanachama aliyehitaji kuelezwa kwa nini chama cha wafanyakazi kijishughulishe na taka za kiwandani.

Hatua ya 2: Tumieni nafasi ambazo sheria imeshazitoa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka idadi ya wawakilishi wa chama mahali pa kazi: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa wanachama 10 hadi 20, kumi kwa wanachama 21 hadi 100, na kumi na tano wanachama wakizidi 100, ambapo wasiopungua watano huwakilisha wanawake iwapo wapo. Sheria hiyo inawapa wawakilishi kazi ya kuzungumza na mwajiri kwa niaba ya wanachama juu ya kanuni za kazi, afya, usalama na ustawi, na pia kushauriana naye kuhusu tija. Maneno hayo yanatosha. Maji machafu, moshi na kemikali ni afya na usalama. Umeme, mvuke na malighafi inayotupwa ni tija. Wapeni wawakilishi wawili au watatu jukumu la mazingira kwa muhtasari wa kikao, na mmoja wao atoke miongoni mwa wanawake wa usafi au ufungashaji, kwa kuwa hao ndio wanaoshika taka kwa mikono kila siku. Waunganisheni pia na wawakilishi wa usalama na afya wanaotambuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ili kusiwe na makundi mawili yanayogombea ajenda moja.

Hatua ya 3: Pimeni wenyewe kabla ya kuomba chochote

Menejimenti husikiliza namba, na namba nyingi zinaweza kupatikana bila mtaalamu wa kukodi. Tulianza na upepo wa kompresa, mashine inayoshindilia hewa kwenye mabomba ya kiwanda, na nashauri kila tawi lenye kompresa lianzie hapo. Chagueni muda ambao mashine zimesimama, kama Jumapili ya matengenezo, mkiwa na ruhusa ya fundi mkuu, kisha mwombeni aiwashe kompresa peke yake. Kiwanda kikiwa kimya, uvujaji husikika kama nyoka anayefoka. Pitieni bomba kwa bomba mkiwa na kikopo cha maji ya sabuni na brashi ya rangi. Pakeni kwenye maungio, vali na mipira ya upepo, na povu likitutumka, fungeni kitambaa chekundu na mwandike mahali hapo katika daftari. Sisi tuliishiwa vitambaa tukiwa hata nusu ya jengo la kusuka hatujaimaliza.

Tundu la milimita 3 katika mfumo wenye shinikizo la takriban baa 7 humeza kiasi cha kilowati 3 za umeme wa kompresa. Kompresa isiyozimwa usiku na mchana hupoteza kwa tundu hilo moja zaidi ya uniti 2,000 kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya uniti iliyo kwenye bili ya TANESCO ya kiwanda chenu, na mtapata shilingi zinazoeleweka na mhasibu yeyote. Fanyeni vivyo hivyo kwa mivujo ya mvuke na kwa mita ya maji, ambayo inatosha kuisoma mwanzo na mwisho wa kila zamu kwa wiki mbili.

Hatua ya 4: Zungumzeni kwanza na watakaoguswa na mabadiliko

Hapa ndipo tulipokosea, na kosa lilikuwa la kamati yetu. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikifika katika viwanda vya Dar es Salaam tangu mwaka 2004, nasi tuliandika barua ya kuunga mkono boila, yaani mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, iachane na kuni itumie gesi, bila kukaa na vijana tisa waliokuwa wakilisha boila hiyo kuni. Walisoma habari hiyo kwenye ubao wa matangazo. Wawili walijaza fomu za kujitoa katika chama wiki ileile, na sikuweza kuwalaumu, kwa kuwa tulikuwa tumetetea hewa safi kwa gharama ya mkate wao. Ilitubidi kurudi nyuma, kuwaita, kusikiliza, na kuifuta ile barua hadi mafunzo ya uendeshaji wa boila mpya na nafasi zao za kazi zipate maandishi.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 2015 miongozo kuhusu mpito wa haki, yaani mabadiliko ya kimazingira yanayopangwa pamoja na wafanyakazi na kulinda riziki zao. Na Juni 2022 liliingiza mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya miongoni mwa kanuni za msingi na haki kazini. Itajeni miongozo hiyo mezani, lakini msiifanye badala ya kuongea na watu tisa wenye majina.

Hatua ya 5: Ombeni taarifa kwa maandishi

Chama kinachotambuliwa kama wakala pekee wa majadiliano, yaani chama kimoja kinachojadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi, kina haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana, isipokuwa zile za siri zinazolindwa na sheria. Andikeni barua ya ukurasa mmoja mkiomba bili za umeme na maji za miezi 12, orodha ya kemikali zinazotumika, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inatoa pia haki ya kupata taarifa za mazingira. Itajeni kwa upole katika aya ya mwisho. Hifadhini nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 6: Andikeni kipengele chenye vitendo, mhusika na tarehe

Sentensi ya aina ya “pande zote zitathamini mazingira” haimfungi mtu yeyote. Kipengele chetu, baada ya vikao vingi, kilisomeka hivi kwa sehemu:

“Kutakuwa na Kamati ya Pamoja ya Mazingira yenye wajumbe sawa kutoka kwa mwajiri na chama, itakayokutana kila robo mwaka ndani ya saa za kazi zenye malipo. Mwajiri ataiwasilishia kamati matumizi ya umeme, maji na kemikali ya robo iliyopita. Hakuna mfanyakazi atakayepunguzwa kazi kwa sababu ya teknolojia inayopunguza uchafuzi kabla ya kupewa mafunzo na kupangiwa kazi nyingine kwa mshahara usiopungua. Hakuna mfanyakazi atakayeadhibiwa kwa kutoa taarifa ya uchafuzi kwa nia njema. Vyombo vilivyobeba kemikali havitauzwa wala kugawiwa kwa matumizi ya nyumbani.”

Tuliomba pia sehemu ya fedha zitakazookolewa iende kwenye mfuko wa ustawi wa wafanyakazi. Mwajiri alikataa asilimia tuliyotaja, akakubali badala yake kununua matangi mapya ya maji kwa kila kaya iliyorudisha madumu. Tulikubali, na bado naona tulikubali sawasawa.

Hatua ya 7: Sainini, wasilisheni, kisha fuatilieni

Mkataba wa hali bora huwa wa maandishi, husainiwa na pande zote mbili, na nakala yake huwasilishwa kwa Kamishna wa Kazi. Mkishakamilisha hayo, itisheni kikao cha kwanza cha kamati ndani ya mwezi mmoja, kabla wino haujasahaulika. Ajenda ya kwanza iwe daftari la mivujo: kila kitambaa chekundu kisomwe kwa mahali pake, fundi wa kukiondoa atajwe, na tarehe iandikwe. Muhtasari wa kikao ubandikwe kwa Kiswahili kando ya mashine ya kugongea kadi, ambako kila zamu hupita.