Nyumba ya kupangisha: ipigie hesabu ya miezi 11

Nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha niliinunua kwa hesabu ya dalali: kodi ya mwezi mara 12, gawanya kwa bei. Mwaka huohuo mpangaji akahama, nyumba ikakaa tupu wiki tisa, na kabla sijapata mwingine bomba lililofukiwa ukutani likapasuka. Tangu hapo siongei bei na mtu kabla sijakaa na daftari.

Tuchukue nyumba inayouzwa 100,000, kwa sarafu yoyote unayotumia. Muuzaji anasema inaingiza 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, faida ya asilimia 12. Kwanza rekebisha bei. Mwanasheria, usajili wa hati, ada za ununuzi, rangi na vyoo vya kutengeneza vikifika 8,000, basi umetoa 108,000, na hiyo ndiyo ya kugawia.

Halafu kodi. Omba kuona risiti za miezi 12 iliyopita, kisha waulize wapangaji wa nyumba jirani wanalipa ngapi. Wakisema 1,000, mimi naandika 11,000 kwa mwaka, kwa sababu mwezi mmoja mtupu ni jambo la kawaida kabisa kati ya mpangaji na mpangaji.

Matumizi ndiyo sehemu inayofichwa, na mara nyingi anayeficha ni mnunuzi mwenyewe aliyekwisha kuipenda nyumba. Matengenezo madogo, 1,200. Bima na kodi ya majengo, 900. Usimamizi, asilimia 10 ya makusanyo, 1,100. Uandike hata kama utasimamia mwenyewe, maana siku ukichoka au ukiugua utamlipa mtu. Kisha 1,000 ya akiba kwa ajili ya paa na nyaya za umeme. Paa haliharibiki kila mwaka, lakini likiharibika hudai ya miaka yote kwa mkupuo. Jumla ni 4,200. Zimebaki 6,800, na ukigawanya kwa 108,000 unapata asilimia 6.3, kabla ya kodi ya mapato. Ile 12 ya muuzaji imebaki nusu, na hakuna aliyedanganya.

Sasa mkopo, na hapa nakuomba usiharakishe. Ukikopa 60,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa miaka 15, rejesho ni karibu 645 kwa mwezi, kama 7,740 kwa mwaka. Nyumba inatoa 6,800. Kila mwaka utaongeza kama 940 kutoka mfukoni. Ni kweli sehemu ya rejesho inapunguza deni, kwa hiyo si zote zinapotea, lakini fundi bomba hakubali kulipwa kwa deni lililopungua. Kopa 40,000 badala yake, rejesho linashuka hadi kama 5,160, na unabaki na 1,640 juu ya 68,000 zako ulizoweka: asilimia 2.4. Ona kwamba faida imeshuka chini hata ya ile 6.3. Nyumba inayozaa asilimia 6.3 haiwezi kubeba fedha inayodai 10. Kila unachokopa kinakula sehemu ya kile ulichoweka mwenyewe. Linganisha namba hizo mbili kabla hujaingia benki.

Kupanda kwa thamani ya nyumba siandiki kabisa. Ikipanda, vizuri, lakini kodi ndiyo inayolipa bili za mwezi huu.

Mwisho nageuza hesabu. Mimi nanunua kwa fedha yangu na nataka asilimia 8. Nagawanya 6,800 kwa 0.08, napata 85,000. Natoa zile 8,000 za gharama, zinabaki 77,000. Hiyo ndiyo bei ninayompelekea muuzaji, pamoja na ukurasa wenyewe wa daftari, aone kila mstari nilivyoupata.