Somo: Kusuka ototransfoma ya fezi tatu, volti 400 kwenda 200, kwa gharama nafuu

Mashine za mtumba kutoka Japani ziko kila karakana siku hizi: lethi, mashine za kukunja bati, kompresa, vyerehani vya kiwandani. Nyingi kibao chake kinasema 200V fezi tatu, na umeme wetu wa njia tatu ni volti 400. Ukiunga moja kwa moja mota haimalizi siku. Transfoma ya kawaida yenye koili mbili zilizotengana ni nzito na bei yake inauma, ndiyo maana tunakwenda kwenye ototransfoma. Mfano wangu ni wa lethi yenye mota ya kilowati 5.5. Hesabu zote ziko wazi, badilisha namba ziendane na mashine yako.

Hatua ya 1: Soma kibao kabla ya kununua hata mita moja ya waya

Mashine ya Kichina ya volti 380 haihitaji transfoma. Volti 400 imezidi kwa asilimia 5 tu, mota inavumilia. Usitafute kazi isiyokuwepo.

Ya Kijapani, angalia volti pamoja na hezi. Japani ina mifumo miwili: mashariki, upande wa Tokyo, ni hezi 50, magharibi, upande wa Osaka, ni hezi 60. Kwa hiyo vibao vingi vina mistari miwili: 200V 50Hz, kisha 200/220V 60Hz. Mota ya namna hiyo inatufaa bila wasiwasi.

Kuna ujanja unaozunguka mitaani: mota ya 200V yenye nyaya sita, iliyokuwa delta (koili tatu zimeungana pembetatu), ibadilishwe iwe staa (ncha moja ya kila koili zinakutana pamoja) ili ichukue 400. Piga hesabu kwanza. 200 mara 1.732 ni 346. Ukiipa 400 umeizidishia karibu asilimia 16. Itazunguka, na mteja atakulipa, ila chuma chake kinashiba sumaku na mota inachemka hata bila mzigo.

Hatua ya 2: kVA za mzigo (volti mara ampea, kwa maelfu)

Kilowati 5.5, gawanya kwa ufanisi wa 0.85, gawanya tena kwa pawafakta ya 0.8. Unapata kVA 8.1. Weka na pampu ya maji ya kupoozea na taa ya mashine, tunafunga kwenye kVA 10.

Mkondo wa kutoka: 10,000 ÷ (1.732 × 200) = ampea 28.9. Mkondo wa kuingia kwa 400 ni nusu yake, ampea 14.4.

Hatua ya 3: Hapa ndipo pesa inapookolewa

Kwenye ototransfoma koili ni moja kwa kila fezi, na waya wa kutokea (tepu) unachomolewa katikati. Sehemu ya nguvu inapita moja kwa moja kwa waya bila kugeuzwa kuwa sumaku. Kinachobaki ndicho chuma na kopa vinapaswa kukibeba:

kVA za umbo = kVA za mzigo × (1 − volti ndogo ÷ volti kubwa)

Kwetu: 10 × (1 − 200 ÷ 400) = kVA 5. Unasuka transfoma yenye mwili wa kVA 5, inaendesha mzigo wa kVA 10. Uzito wa transfoma haupandi sambamba na kVA, kwa hiyo usitarajie nusu kamili. Ile ya koili mbili ingekuwa na uzito wa mara 1.7 hivi ya hii yetu.

Ona fomula inavyobadilika. Kutoka 415 kwenda 380, kVA 10 inahitaji umbo la kVA 0.84 tu, kitu cha kubeba mkononi. Kutoka 400 kwenda 100 inahitaji kVA 7.5, na hapo nakushauri usuke yenye koili mbili upate na usalama wake. Ototransfoma ni rahisi pale volti mbili zinapokaribiana. Uwiano ukishakuwa mkubwa, faida inayeyuka.

Jambo la pili zuri la uwiano wa 2 kwa 1: kati ya ampea 28.9 za kutoka, 14.4 zinatoka juu kwenye laini na 14.4 zinatoka chini kwenye sehemu ya pamoja. Koili nzima inabeba mkondo uleule, unanunua saizi moja ya waya.

Hatua ya 4: Kiini

Kiini cha miguu mitatu. Kwa kVA 5 tunahitaji eneo halisi la chuma la sentimita za mraba 40 kwa kila mguu. Mguu wa milimita 60 kwa rundo la milimita 70 ni 42. Ukitoa nafasi kati ya bati na bati, unabaki na 40. Dirisha liwe milimita 60 kwa 180. Chuma chote kitakuwa kilo 35 hivi.

Skrepa inasaidia sana hapa. Mashine ya kuchomelea ya fezi tatu iliyoungua koili mara nyingi ina kiini kizima. Usichome moto kuondoa waya wa zamani. Moto unaunguza ile ngozi nyembamba inayotenga bati moja na jingine, na baada ya hapo kiini kinachemka chenyewe bila mzigo. Kata koili kwa msumeno, chomoa bati moja moja.

Chuma kipya cha silikoni, fanya hesabu kwa tesla 1.3 (tesla ni kipimo cha sumaku ndani ya chuma). Cha skrepa usichokijua asili yake, shuka hadi 1.1 na uongeze mizunguko.

Hatua ya 5: Mizunguko

Volti kwa mzunguko = 4.44 × hezi × tesla × eneo kwa mita za mraba
= 4.44 × 50 × 1.3 × 0.004 = 1.154

Koili zetu tatu zinaungwa staa, kwa hiyo kila moja inapata volti ya fezi kwa nyutro: 400 ÷ 1.732 = 231. Gawanya kwa 1.154: mizunguko 200 kwa kila mguu. Tepu ya 200V iko kwenye mzunguko wa 100 kuanzia upande wa nyutro. Ongeza tepu kwenye 105 inayotoa 210, na 110 inayotoa 220. Hazigharimu chochote zaidi ya muda wako, na siku umeme wa mtaani ukilala kwenye 370 utazishukuru.

Hatua ya 6: Waya

Kwa transfoma kavu inayopozwa na hewa, ampea 2.5 kwa milimita ya mraba ni kikomo changu. 14.4 ÷ 2.5 = milimita za mraba 5.8. Waya mmoja wa unene huo ni mgumu kukunja kwenye kona, kwa hiyo tumia geji 14 mbili zikienda sambamba. Kila moja ina kipenyo cha milimita 2.03, jumla milimita za mraba 6.5. Mzunguko mmoja una wastani wa sentimita 35, kwa hiyo kila mguu unakula mita 70 za waya pacha. Miguu mitatu ni kilo 12 za kopa, ongeza kilo moja ya mabaki. Upotevu kwenye kopa ikiwa ya moto na mzigo kamili ni wati 140 hivi.

Hatua ya 7: Kusuka

Tengeneza fomu ya ubao mgumu wa kuhami, milimita 3. Pacha zilale ubavu kwa ubavu, zisipandane. Utapata mizunguko 38 kwa safu, safu sita, na karatasi ya kuhami kati ya kila safu. Kwenye tepu usikate waya: kwangua enameli, lehemu kipande cha kutokea, vaa mrija wa kuhami, kisha endelea.

Koili zote tatu zizungushwe upande mmoja, na mwanzo wa kila moja utiwe alama. Koili moja ikigeuka, sumaku za miguu zinapigana na mkondo unaruka.

Bati zipangwe kwa kupishana kwenye kona, zisiachane. Kila mwanya wa hewa unalipwa kwa mkondo wa bure. Bolti zinazopita ndani ya kiini zivalishwe mrija. Mwisho chovya vanishi na uoke. Asiyeoka atasikia mngurumo.

Hatua ya 8: Ulinzi, na hapa usibane

Ototransfoma haitenganishi. Sehemu ya chini ya koili ikikatika, fezi hiyo ya mashine inabaki imeshikana na laini ya juu, na volti yake inaweza kupanda kuelekea 231 badala ya 115. Kwa hiyo kebo na kontakta za upande wa 200 zichaguliwe kama vile ni za 400, na uweke rilei ya kulinda volti na fezi upande wa kutoka.

Upande wa kuingia: breka ya ampea 20, aina D. Aina B au C itakuwa inaanguka kila unapowasha kwa sababu ya mkondo wa mwanzo wa sumaku. Weka pia swichi ya kuvuja umeme. Kwa kuwa nyaya zimeungana, ya upande wa kuingia inaona hata uvujaji wa ndani ya lethi. Kituo cha staa kifunike na kukihami, usikiunge kwenye nyutro. Kiini na boksi viende ethi, kiini kwa sehemu moja tu. Kuunga kwenye umeme wa gridi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania), na kama huna, mlete mwenye nayo.

Hatua ya 9: Kupima

Mega (kipima insulesheni) ya volti 500 kati ya koili na kiini kwanza. Chini ya megaomu 1 rudisha kwenye oveni. Kisha washa bila mzigo kupitia taa za nyuzi, moja kwa kila laini. Taa zikiwaka kwa ukali kuna koili iliyogeuka au iliyojifunga. Zikibaki hafifu, toa taa, washa moja kwa moja, pima mkondo. Tarajia kati ya nusu ampea na ampea 1. Mguu wa kati utavuta kidogo kuliko wa pembeni. Usishtuke: njia ya sumaku yake ni fupi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mkuu, nina transfoma tatu za fezi moja, viini vinafanana. Siwezi kuziunga staa nikaokoa kiini?

Jibu: Staa bila nyutro kwa viini vitatu vilivyotengana, hapana. Mawimbi ya hezi 150 yanakosa njia na volti za fezi zinapotoka. Kiini cha miguu mitatu chenyewe kinayazuia. Ila ukichukua mbili tu kati ya hizo, ukazisuka kwa volti 400 zenye tepu katikati na kuziunga delta wazi, utapata fezi tatu safi za 200. Umbo la jumla linakuwa kVA 5.8 badala ya 5, na laini moja inabaki na 231 dhidi ya ethi. Kwa mwenye viini vya bure ni dili. Kwa anayenunua, sivyo.

Swali (Kisumu): Fundi, huku tumezoea 415.

Jibu: Sumaku inapanda hadi tesla 1.35, sawa tu. Utapata 207 kwenye tepu ya kwanza. Ishia hapo, usiguse ya 220.

Swali (Morogoro): Waya wa alumini je? Bei ni tofauti kubwa.

Jibu: Inawezekana, na dirisha tulilopanga linatosha. Ongeza eneo la waya mara 1.6, uzito utakuwa nusu ya kopa. Tatizo ni viungo: alumini inajifunika kutu isiyoonekana na haishiki risasi ya kawaida. Tumia lagi za kubana zenye alumini upande mmoja na kopa upande wa pili. Kama huna mashine ya kubana, baki na kopa.

Swali (Arusha): Samahani mwalimu, kibao cha yangu kinasema 200V 60Hz peke yake.

Jibu: Dada, kwa hezi 50 mota hiyo inataka volti 167, yaani 200 × 50 ÷ 60. Weka tepu kwenye mzunguko wa 83. Kasi itashuka hadi sehemu tano kati ya sita, na nguvu pia, kwa hiyo usiilazimishe mkato mzito. Kontrola ya mashine ichukue umeme kwenye tepu ya 100, si ya 83, la sivyo kontakta zitakuwa zinatetema.

Swali (Dar es Salaam): Nyutro ya kupata volti 100 za taa ya mashine naitoa wapi? Nimeona 115 kwenye fezi.

Jibu: Huitoi. Fungua paneli, utakuta katransfoma kadogo kanakochukua fezi mbili za 200. Kaache kafanye kazi yake.

Swali (Dodoma): Kwa nini nisinunue inveta ya kuendeshea mota nikaachana na kilo 50 za chuma na kopa?

Jibu: Kama mashine yako ni mota moja ya kilowati 2.2 kushuka chini, nunua. Ile inayoingia fezi moja ya 230 na kutoa fezi tatu za 200 mara nyingi ni rahisi kuliko chochote utakachosuka, na unapata na kurekebisha kasi. Usichukue ya kuingia 400 ukaishusha kwa mipangilio yake, kwa sababu mapigo yake yana volti karibu 565 na insulesheni ya mota ya zamani ya 200 haikutengenezwa kwa hayo. Kwa lethi yenye mota ya 5.5, pampu na kontrola zote zikitaka 200, narudi kwenye kilo 50.